Chagua Shimo kwa Daftari Lake

  Kama chai iko mezani, mimina. Leo tuna safari ndefu kidogo.

Leo nazungumza hasa na vijana. Wewe unayesoma historia au akiolojia chuoni, wewe wa jiografia, na hata wewe wa uhasibu ambaye kila ukipita karibu na magofu lazima usimame uchungulie. Wazazi msizime redio. Barua ya mwaliko ikifika nyumbani, nyinyi ndio mtakaoulizwa nauli.

Mada yetu ni kwenda nchi za nje kushiriki uchimbuaji wa akiolojia, ama kama mwanafunzi, ama kama mtu wa kujitolea. Kila mwaka, hasa miezi ya Juni, Julai na Agosti vyuo vya Ulaya na Marekani vinapofunga, miradi mingi hufungua milango kwa watu wasio wataalamu. Unavaa kofia, unapewa mwiko wa mwashi, unapiga magoti juu ya ardhi ambako watu waliishi miaka elfu moja au elfu mbili iliyopita, na unaanza kazi. Inavutia, sivyo? Inavutia sana. Na kwa sababu inavutia, ndiyo maana kuna watu wanaokwenda vibaya, wanaolipa vibaya, na wanaorudi na picha nyingi na elimu kidogo.

Kwa hiyo leo nitagusa mambo matatu. La kwanza, kazi yenyewe ni nini. La pili, inapatikana wapi, inagharimu nini, na uulize maswali gani kabla ya kutoa hata senti moja. La tatu, uhusiano wa safari hiyo na nyumbani kwetu. Na ikiwa utayasahau yote matatu, shika neno hili moja: chagua shimo kwa daftari lake, usilichague kwa hazina yake. Nitalirudia mpaka ulichoke.

Haya, tuanze na la kwanza. Kazi yenyewe ni nini?

Filamu zimetuonyesha mtu mwenye kofia pana na mjeledi, anakimbia pangoni na sanamu ya dhahabu kwapani. Mtu huyo, msikilizaji, asingepokewa kwenye mradi wowote wa maana. Anayechimbua kwa elimu anajua jambo moja zito: kuchimbua ni kuharibu. Udongo ukishaondolewa mahali pake haurudi tena kama ulivyokuwa, hata ukiusawazisha namna gani. Kila shimo huchimbuliwa mara moja tu. Kitakachobaki ni kile kilichoandikwa, kilichochorwa na kilichopigwa picha.

Tuchukue mfano wa karibu. Fikiria jaa la nyuma ya nyumba, lililotumiwa na ukoo mmoja miaka sitini. Chini kabisa kuna vigae vya vyungu vya bibi. Juu yake kuna makopo ya maziwa ya unga. Juu ya makopo kuna mifuko ya plastiki, na juu kabisa kuna simu iliyovunjika kioo. Mtu akilishusha jaa hilo taratibu, tabaka kwa tabaka, ataweza kukusimulia maisha ya nyumba hiyo bila kumuuliza mtu yeyote. Sasa aje mtoto na jembe, alivuruge lote, kisha atoke na sarafu nzuri inayong'aa. Sarafu ameipata. Lakini iliangukia hapo kabla ya makopo au baada ya plastiki? Ni ya babu au ya mjukuu? Hakuna atakayejua tena. Sarafu ipo, habari yake imepotea.

Ndiyo maana kwenye mradi mzuri utatumia muda mwingi sana kuandika. Kila tabaka la udongo hupewa namba na fomu yake. Unaandika rangi ya udongo, na rangi hiyo huikisii kwa macho tu. Kuna kitabu cha rangi kinachotumiwa duniani kote, kinaitwa Munsell, unalinganisha udongo wako na vipande vya rangi vilivyomo. Unaandika kama udongo ni wa kichanga au wa mfinyanzi. Unapima kina. Unaandika tabaka gani lilikuwa juu yake na tabaka gani liko chini yake. Unachora kwa kipimo. Udongo unaoutoa unauchekecha. Kila kigae, kila mfupa, kila punje iliyoungua inaingia kwenye mfuko wenye lebo, na lebo ikipotea, mfuko ule umekuwa takataka tu.

Je, uandishi wote huo una faida gani? Nitakupa mfano wa kwetu. Katika kisiwa cha Pate, huko Lamu, kuna magofu ya mji wa Shanga. Miaka ya 1980, mwanaakiolojia Mwingereza Mark Horton aliuchimbua mji ule kwa misimu kadhaa. Chini ya magofu ya msikiti wa Ijumaa uliojengwa kwa mawe, timu yake ilikuta misikiti mingine iliyotangulia, mmoja juu ya mwingine, mpaka kufikia ile ya chini kabisa iliyokuwa ya miti, ambayo Horton aliiweka katika karne ya 8. Sasa jiulize. Mti huoza. Baada ya miaka elfu moja na zaidi, nguzo za miti walizionaje?

Waliona madoa. Pale nguzo iliposimama, udongo ulibaki na rangi tofauti na udongo wa pembeni. Madoa ya duara, yamepangwa mstari. Basi. Mwindaji wa dhahabu angeyapiga sururu na kupita bila hata kujua ameyakanyaga. Lakini madoa hayo, pamoja na matabaka ya nyumba za udongo na miti zilizotangulia nyumba za mawe, yaliipa nguvu hoja iliyobadilisha historia ya pwani yetu. Wageni wengi waliotangulia waliandika kwamba miji ya Waswahili ililetwa tayari na watu wa merikebu kutoka ng'ambo. Matabaka ya Shanga yalionyesha makazi yaliyokua palepale, hatua kwa hatua, kizazi juu ya kizazi, huku biashara na dini vikiingia na kuota mizizi. Hoja hiyo imetoka kwenye madoa yaliyochorwa na kuandikwa vizuri. Unaona sasa kwa nini nasema chagua shimo kwa daftari lake?

Tumemaliza la kwanza. Sasa tuje kwenye la pili: wapi, kwa gharama gani, na maswali gani.

Desturi ya kuwaita watu wa kawaida kutoka nchi nyingi waje kuchimbua ilijulikana sana miaka ya 1960. Kati ya 1963 na 1965, mwanaakiolojia wa Israeli Yigael Yadin alichimbua ngome ya Masada, juu ya mlima karibu na Bahari ya Chumvi. Alitangaza magazetini, pamoja na gazeti la Observer la London, kwamba anataka watu wa kujitolea. Masharti hayakuwa laini: nauli yako mwenyewe, malazi kwenye hema, na kukaa wiki mbili kwa uchache. Pamoja na hayo walijitokeza watu kutoka nchi 28. Miaka hiyohiyo mji wa Winchester, kusini mwa Uingereza, nao ukachimbuliwa na mamia ya wanafunzi na watu wa kujitolea chini ya mwanaakiolojia Martin Biddle. Tangu hapo mtindo huo umeenea.

Sasa tuangalie mahali pamoja kwa karibu, tujue siku inavyokwenda. Kaskazini mwa Uingereza kuna mahali panaitwa Vindolanda. Ni ngome ya askari wa Dola ya Rumi, kusini kidogo ya ukuta mrefu ambao Kaisari Hadrian aliamuru ujengwe mwaka 122. Ngome za Vindolanda zilijengwa, zikabomolewa, zikajengwa tena juu ya zile za zamani, mara nyingi. Udongo wa matabaka ya chini umelowa maji na hauna hewa, kwa hiyo vitu ambavyo kwa kawaida huoza, kama ngozi, mbao na vitambaa, vimebaki. Viatu vya askari, vya wake zao na vya watoto wao vimetoka kwa maelfu.

Mwaka 1973, mwanaakiolojia Robin Birley na wenzake walikuta vipande vyembamba vya mbao, vyembamba kiasi cha kuvidhania maranda ya seremala. Walipovitenganisha, ndani kulikuwa na maandishi ya wino. Barua! Barua za askari, hesabu za stoo, maombi ya likizo. Mmoja anaarifiwa kwamba ametumiwa soksi, viatu vya wazi na chupi. Barua nyingine, ya yapata mwaka 100, imetoka kwa mwanamke aitwaye Claudia Severa, anamwalika rafiki yake Sulpicia Lepidina kwenye sherehe ya siku yake ya kuzaliwa. Mistari ya mwisho ameiandika kwa mkono wake mwenyewe, na wataalamu wanaihesabu miongoni mwa maandishi ya kale kabisa ya Kilatini yanayojulikana kuandikwa na mwanamke.

Mpaka leo Vindolanda inachimbuliwa kila mwaka, kuanzia majira ya kuchipua hadi vuli, na sehemu kubwa ya kazi inafanywa na watu wa kujitolea wanaolipa ada na kukaa kwa kawaida wiki mbili. Huhitaji kuwa na uzoefu. Unahitaji magoti mazima na moyo wa subira, na unahitaji kuomba mapema, maana nafasi hujaa haraka.

Siku ikoje? Ukiwa kaskazini mwa Uingereza, unaanza asubuhi ya kawaida, na mvua utaipata hata mwezi wa Julai. Toroli limejaa tope, buti zimejaa tope, na sandwichi yako nayo ina tope. Ukiwa Jordan, Ugiriki ya kusini au Cyprus, mambo ni mengine. Unaamshwa saa kumi alfajiri, saa kumi na moja uko shimoni, kwa sababu ikifika saa saba mchana jua halivumiliki. Jioni mnaosha vigae kwa maji na mswaki, mnavianika, kisha mtaalamu anavipanga mezani na kuwaambia kipi ni cha jikoni na kipi ni cha kuwekea mafuta. Msikilizaji, usiikimbie kazi hiyo ya jioni kwenda mjini kutembea. Asubuhi unatoa vigae, lakini jioni ndipo unapofundishwa kuvisoma.

Na je, kama wiki mbili zote hukuona kitu? Hilo hutokea mara nyingi. Mwingine anakabidhiwa kona ya uwanja ambayo haina kitu ila udongo na mawe. Akiandika vizuri kwamba kona ile ilikuwa tupu, ametoa habari. Amewaambia wenzake kwamba nyumba ziliishia pale, au kwamba pale palikuwa bustani au njia. Utupu nao unaandikwa.

Sasa fedha. Hapa sogea karibu na redio.

Kuna aina mbili kubwa. Aina ya kwanza ni mafunzo ya uwandani yanayoendeshwa na chuo kikuu. Yanachukua kama wiki nne hadi sita, yana masomo, yana mtihani au ripoti, na mwisho unapata alama zinazoweza kuhesabiwa kwenye shahada yako. Haya ni ghali, mara nyingi dola elfu kadhaa, na nauli ya ndege iko nje ya hesabu hiyo. Aina ya pili ni kujitolea. Muda ni mfupi, ada ni ndogo, na hakuna alama za chuo. Utashangaa: inakuwaje nijitolee, nifanye kazi, na bado nilipe? Jibu ni kwamba anayekufundisha analipwa, chakula kinanunuliwa, vifaa vinanunuliwa, na miradi mingi haina mfadhili mkubwa. Ada za washiriki ndizo zinazoiendesha. Hakuna ubaya katika hilo, ili mradi unajua unalipia nini.

Wapo wanaotoa ufadhili kwa wanafunzi, na ipo miradi inayopunguza au kufuta ada kwa wenyeji na kwa wanafunzi wa nchi zenye kipato kidogo. Nafasi hizo ni chache na haziji zenyewe mlangoni. Andika barua, uliza. Taasisi ya Akiolojia ya Marekani, inayojulikana kwa kifupi AIA, hutoa orodha ya miradi ya nchi mbalimbali inayopokea watu. Hapo ni mahali pazuri pa kuanzia. Mwalimu wako wa chuo ni mahali pazuri zaidi, kwa sababu wataalamu hawa wanajuana, na barua ya mtu anayejulikana hufungua mlango haraka.

Sasa maswali. Chukua kalamu. Kabla hujatuma fedha, uliza haya matano.

Swali la kwanza: nani anaongoza, na kibali kimetolewa na mamlaka gani ya nchi hiyo? Kiongozi wa kweli ana jina, ana chuo au makumbusho, na kazi zake zinasomeka. Na mradi ukiwa katika ardhi inayogombaniwa au inayokaliwa kwa nguvu, uliza mara mbili, maana sheria za kimataifa zinaweka mipaka mikali juu ya uchimbuaji wa namna hiyo.

Swali la pili: ripoti za misimu iliyopita zimechapishwa wapi? Mradi wa miaka kumi usio na hata ripoti moja umeharibu miaka kumi na haukuandika kitu. Usiutie fedha yako.

Swali la tatu: mshiriki atajifunza kuandika nini? Atajaza fomu mwenyewe? Atachora? Nani ataikagua kazi yake na kumrekebisha? Wakikujibu kwamba wewe kazi yako ni kusukuma toroli tu, na kuandika ni kwa wakubwa, basi wanatafuta kibarua anayejilipia nauli.

Swali la nne: ada inalipia nini na nini, na visa ikikataliwa fedha zinarudi? Hili kwetu sisi ni kubwa. Mwenzako wa Ujerumani anaweza kupanda basi akafika. Wewe utapanga foleni ubalozini, utapeleka taarifa ya benki, na huenda ukaambiwa hapana bila maelezo marefu. Ulizia pia ubalozini kama visa ya utalii inaruhusu kazi ya kujitolea. Nchi hazifanani, na hutaki kujibu swali hilo kwa mara ya kwanza mbele ya ofisa wa uhamiaji saa nane za usiku. Na fedha ilipwe kwa taasisi yenyewe. Akitokea wakala anayekuambia utume kwa simu yake binafsi ili akuwekee nafasi, funga mazungumzo.

Swali la tano: vitu vinavyopatikana vinakwenda wapi? Jibu sahihi ni makumbusho au hifadhi ya nchi yenyewe. Jibu lingine lolote lisikupendeze.

Narudia kwa kifupi: kiongozi na kibali, ripoti, kuandika, fedha na visa, na vitu vinakwenda wapi. Matano.

Ukishapata nafasi, jiandae. Chanja pepopunda, kwa sababu udongo, misumari ya kutu na mikono yenye mikwaruzo havipatani. Kata bima ya afya ya safari. Fanya mazoezi ya kuchuchumaa na kupiga magoti. Nunua mwiko mdogo wa mwashi wa ncha kali, wa inchi 4 hivi, uliofuliwa kwa kipande kimoja cha chuma. Ule uliochomelewa shingoni hukatika siku ya pili.

Na ukifika, adabu. Tuna methali yetu: mwenda bure si mkaa bure, huenda akaokota. Msikilizaji, ukifika kwenye uwanja wa akiolojia, methali hiyo iache getini. Usiokote! Hata kigae kidogo kama ukucha usikitie mfukoni. Hata kama kiko kwenye rundo la udongo uliokwisha chekechwa. Utasema, ni kimoja tu. Wenzako arobaini nao wakisema hivyo? Chovya chovya humaliza buyu la asali. Licha ya hayo, katika nchi nyingi ni kosa la jinai, na ukikamatwa nacho uwanja wa ndege hutakuwa na la kujitetea. Picha nazo, uliza kwanza. Ukiweka mtandaoni picha ya kaburi lililofunguliwa leo, usiku wa leo wezi wanaweza kuja na majembe.

Jambo jingine la adabu: waheshimu wafanyakazi wenyeji. Kwenye miradi mingi utakuta wazee ambao hawana shahada hata moja, lakini wameshika mwiko miaka thelathini. Mzee wa namna hiyo anasikia mabadiliko ya udongo kwa mkono kabla ya profesa kuyaona kwa macho. Kaa karibu naye.

Hapa siwezi kupita bila kumtaja Kamoya Kimeu wa Kenya. Alianza kazi kwa akina Leakey, watafiti wa mabaki ya kale, huko Olduvai, kaskazini mwa Tanzania, mwaka 1960, kijana wa Ukambani ambaye hakuwahi kusoma chuo kikuu. Kazi yake hasa ilikuwa kutafuta mabaki ya viumbe wa kale, uwanja ulio jirani na akiolojia. Mwaka 1984, huko Nariokotome, magharibi mwa Ziwa Turkana, aliona kipande kidogo cha fuvu kilicholala kati ya changarawe zenye rangi karibu sawa nacho. Kutoka kipande hicho timu ilipata mifupa ya kijana aliyeishi takriban miaka milioni 1.5 iliyopita, mojawapo ya mifupa kamili kabisa ya binadamu wa kale iliyowahi kuonekana. Dunia inamjua kijana huyo kwa jina la Turkana Boy. Mzee Kimeu alifariki mwaka 2022, na kwa miaka mingi wasomi wenye majina makubwa walikuwa wanamfuata yeye porini. Basi ukienda ugenini, ukakuta mzee wa Kituruki au wa Kijordani amekaa pembeni na mwiko wake, mwamkie, umwombe akufundishe.

Haya, tumefika kwenye la tatu, na ndilo la mwisho: nyumbani.

Kuna jambo la ajabu kidogo. Wakati wewe unahangaika na nauli ya kwenda Ulaya, wanafunzi wa Ulaya na Marekani wanahangaika na nauli ya kuja kwetu. Kwa miaka mingi wamekuja Koobi Fora, kando ya Ziwa Turkana, katika mafunzo ya uwandani yaliyoendeshwa na Makumbusho ya Taifa ya Kenya pamoja na vyuo vikuu vya Marekani. Wanakuja Olduvai, mahali ambapo Mary Leakey alilipata fuvu maarufu la kiumbe wa kale aliyeitwa Zinjanthropus mwaka 1959. Wanakuja pwani, kwenye miji ya mawe. Wanalipa dola kuja kupiga magoti kwenye ardhi ambayo wewe unaifikia kwa basi.

Kwa hiyo nakushauri: hatua ya kwanza ya kwenda nje ipigwe nyumbani. Mtafiti wa kigeni hawezi tu kuja na sururu yake na kuanza. Tanzania ina Sheria ya Mambo ya Kale tangu mwaka 1964, na Kenya ina sheria yake ya makumbusho na urithi ya mwaka 2006. Lazima apate kibali, na mara nyingi anashirikiana na taasisi ya hapa. Hapo ndipo pa kubisha hodi. Nenda kwenye idara ya akiolojia ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, nenda makumbusho ya mji wako, waulize: msimu huu nani anachimbua, na mwanafunzi mwenyeji anaweza kuingia vipi? Mgeni njoo, mwenyeji apone.

Ukishafanya msimu mmoja hapa, mambo mawili yatakuwa yamebadilika. Ombi lako la nje litakuwa na uzito, kwa sababu una barua ya mtu aliyekuona ukifanya kazi. Na utakapofika huko utajua cha kuuliza. Utajua kwamba wenzako wa Vindolanda wana bahati ya udongo unaohifadhi ngozi na mbao, wakati udongo mwingi wa kwetu huyala hayo yote na kutuachia vigae na mifupa. Kwa hiyo utataka kujifunza kwao jinsi ya kusoma madoa, mbegu zilizoungua na chavua. Utarudi na mbinu. Mbinu hailipishwi ushuru na haikamatwi mpakani, na Lamu, Kilwa, Pangani na Pemba bado kuna ardhi isiyosomwa.

Onyo moja kabla hatujaagana: usitoke kwenye kipindi hiki ukachukua jembe kwenda kuchimba kaburi la kale nyuma ya shamba la mjomba. Bila kibali ni kosa, na bila mafunzo ni hasara isiyolipika. Ukiona vigae vingi au ukuta wa kale, usiviguse. Toa taarifa kwa ofisi ya mambo ya kale au makumbusho iliyo karibu.

Basi tukusanye. Tumesema kuchimbua ni kuharibu, na kinachookoa ni kuandika. Tumesema uulize maswali matano kabla ya kulipa. Tumesema uanze nyumbani, na ukienda nje uende kutafuta ujuzi. Ukibanwa na muda wa swali moja tu, muulize kiongozi wa mradi hili: mimi nitaandika nini, na nani atanisahihisha? Akikujibu kwa maelezo ya kutosha, tafuta nauli. Akikujibu kwa picha za dhahabu, baki na fedha zako.

 Vijana, barua za maombi ya msimu ujao huandikwa miezi mingi kabla, ziandikeni mapema.